Shamba Lililonyimwa Kupumzika

Mpunga wa mama ulipolala kwa mwaka wa pili mfululizo, mimi nilikuwa dukani Mlabani, Ifakara mjini, nikimpimia mteja urea. Mama alikuja mwenyewe kunipa habari. Alishuka kwenye lori lililotoka Mofu shambani, tope limemkaukia hadi magotini, akasimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa sauti ya mgonjwa, kisha akasema, "Umelala tena. Wote. Utadhani viboko wamechezea ngoma."

Asiyelima mpunga anaweza kuona ni jambo dogo. Mpunga unaota vizuri, unarefuka, unatoa masuke, na wewe umeshaanza kutembea kifua mbele. Halafu wiki chache kabla ya kuvuna mabua yanakosa nguvu kwa chini, yanakunjika, na shamba zima linalalia maji. Punje ambazo hazijajaa zinabaki makapi, na zilizojaa zinaota palepale kwenye matope. Unavuna umeinama hadi chini, unaokota kama kuku. Mama alikuwa amevuna hivyo mwaka uliotangulia, na mgongo wake ulikuwa bado unamkumbusha.

Shamba lenyewe halikuwa kubwa. Lilikuwa sehemu iliyoinuka kidogo, udongo wake una kichanga, na mto ukifurika maji yalilizunguka tu yakaenda zake. Wenye mashamba ya chini kila mwaka waliletewa udongo mpya bila kuuomba. Walilalamika kwamba vyoo vimebomoka na kuku wamezama, lakini mashamba yao yalishiba. La mama halikuletewa kitu. Lilikuwa la kutoa tu, tangu bibi alipolifyeka akiwa msichana.

Bibi alipokaribia kufariki alisema mbele ya watu kwamba shamba lile apewe mama yangu, kwa sababu ndiye aliyemuuguza. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walikubali, maana neno la marehemu halipingwi, ila waliongeza la kwao: ni lake maadamu analilima. Kwetu kule shamba lisilolimwa ni pori, na pori ni la ukoo. Likikaa misimu miwili bila kuguswa na jembe, linarudi kwa wanaume wa ukoo wagawane. Hakuna aliyeona ubaya wowote katika sharti hilo. Mama mwenyewe alipiga magoti akashukuru.

Ubaya wake ulionekana shamba lilipochoka. Shamba likichoka, kila mtu bondeni anajua dawa: liache. Liache liote matete, likae miaka mitatu minne, ndipo urudi. Wenye mashamba matatu au manne hufanya hivyo bila hata kuzungumza. Mama alikuwa na moja. Akilipumzisha, si lake tena. Asipolipumzisha, linamfia mkononi. Nilimwambia kwamba lile ni sharti lililotungwa na watu wenye mashamba mengi, akaniambia nipunguze mdomo, ndiyo maana sijaolewa.

Aliyekuwa karibu zaidi kulichukua ni mjomba, mdogo wake mama. Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya, ningepata mahali pa kuiweka hasira yangu. Hakuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa na shamba lililopakana na la mama, na mengine upande wa Mlimba, na kila asubuhi akipita alisimama kwenye tuta la mpaka, akavua kofia. "Shikamoo dada. Mmeamkaje?" Akautazama mpunga uliolala, akatikisa kichwa kwa huruma, akavaa kofia, akaenda. Huruma yake ilikuwa ya kweli. Mimi niliichukia kuliko ambavyo ningechukia kicheko.

Bwana shamba wa eneo lile alizoea kupita dukani kwetu. Nilimwomba aende Mofu akaone, akasema mafuta hakuna, nikamwambia baiskeli haitumii mafuta, basi akaenda. Jumapili hiyo na mimi nilikuwepo. Aling'oa shina moja, akalikunja kwa vidole viwili, likavunjika bila kubisha. Kisha akatuonyesha majani ya chini, yale ya zamani. Kingo zake zilikuwa za kahawia, zimekauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya moto, wakati katikati bado ni kijani.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Urea. Mwanangu huyu ndiye ananiletea."

"Urea peke yake?"

"Peke yake. Na mpunga ukawa mweusi kwa ukijani, baba, watu walikuja kuutazama."

"Ndiyo hivyo," akasema. "Urea inauambia mpunga urefuke, urefuke. Lakini mifupa hauna. Huu udongo wako umeishiwa potashi. Umelimwa miaka mingi, potashi yote imetoka na mavuno, na hakuna kilichorudi. Unaulisha ubwabwa kila siku bila mboga."

Mama akauliza potashi ni kitu gani. Bwana shamba akasema ni ile mbolea nyekundunyekundu, ya chengachenga, ukiiona utadhani ni chumvi ya mawe iliyotiwa kutu. Niliona uso wa mama umebadilika, lakini wakati ule sikujua kwa nini.

"Sasa mama usinisumbue kuniuliza inapatikana wapi," bwana shamba akaendelea, akijifuta tope kwenye nyasi. "Ifakara nzima hakuna. Muulize huyu binti, yeye ndiye anakaa dukani."

Hakuwa na haja ya kuniuliza. Duka letu lilikuwa na urea hadi darini, lilikuwa na dawa za wadudu, mabomba ya kupulizia, majembe, misumari, hata sabuni ya kufulia. Potashi sikuwahi kuipokea tangu nianze kazi. Jumatatu nilimweleza tajiri wangu. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye kukaa nje ya duka kwenye kiti cha kamba akisalimia mji mzima.

"Wewe umeshaona mteja gani hapa akaulizia potashi?" akaniuliza.

"Mama yangu."

"Mama yako ni mmoja, Mungu amtunze. Sikiliza. Mkulima anataka mbolea aimwage Jumatatu, Ijumaa aone kijani. Hiyo yako ukiimwaga huoni kitu. Hata mwezi ukipita huoni kitu. Nani atatoa hela yake kwa kitu kisichoonekana?"

"Mbona kanisani mnatoa?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Basi kaiuzie kanisani!"

Lakini hakuwa mtu wa kupuuza, na safari yake iliyofuata ya Dar es Salaam aliulizia. Alirudi na treni akiwa na urea nyingine, na jibu. Wauzaji wa jumla nao hawakuwa nayo. Walimwambia wanaoitaka ni wenye mashamba makubwa tu, nao huagiza shehena nzima kwa jina lao, haiingii madukani. Muuzaji haileti kwa sababu mkulima mdogo haiulizii. Mkulima mdogo haiulizii kwa sababu hajawahi kuiona. Niliuona mduara ule waziwazi, nikauzunguka mara nyingi kichwani nikitafuta mlango, na mlango haukuwepo. Watu husema penye nia pana njia. Aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta potashi Ifakara.

Mwaka huo ulikuwa wa kampeni, na magari yenye vipaza sauti yalipita Mlabani yakiahidi pembejeo. Nilikwenda kwenye mkutano mmoja, nikanyanyua mkono, nikauliza kuhusu potashi. Mgombea akanishukuru kwa swali zuri, akasema barabara itatengenezwa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikajikuta nimepiga, kwa mazoea.

Wiki hiyohiyo nilimkuta mama kwenye nyumba yetu ya mjini, alikorudi kila baada ya mavuno, akipepeta kile kidogo alichovuna. Bila kuniangalia akasema, "Ile mbolea nyekundu naijua."

Akapuliza makapi, akaendelea.

"Ilikuwa inakuja hapa. Enzi za chama cha ushirika, wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Walikuwa wanatushushia tu, hawatuulizi mnataka nini. Nyeupe magunia haya, nyekundu magunia haya, kila kaya na fungu lake. Nyeupe tuliiweka tukaona mpunga unacheka. Nyekundu tuliiweka hatukuona kitu. Halafu mwenzetu mmoja akailamba, akasema ni chumvi. Na wewe unajua, chumvi tulikuwa tunaiweka kwenye visiki ili vife."

"Mkaifanyaje?"

"Tulitaka mifuko," akasema mama.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akiendelea kupepeta. Mifuko ile ya mbolea nyekundu ilikuwa minene, ina nailoni ndani, maji hayapenyi. Ukiweka mpunga humo hata ukivuka mto kwa mtumbwi haulowani. Wanawake wa Mofu waliigombea. Walipokea mbolea yao kwa furaha, wakaenda nayo nyuma ya ghala la ushirika, wakaimwaga mtaroni, wakakung'uta mifuko, wakaenda nayo nyumbani. Mwaka baada ya mwaka. Mabwana wa ushirika waliona fungu linachukuliwa lote, wakaandika kwamba wakulima wa Mofu wanaipenda sana mbolea nyekundu, wakawaongezea. Nilicheka hadi nikakaa chini. Mama naye alicheka, halafu yeye akaacha kabla yangu, na ungo ukabaki umesimama mikononi mwake.

"Pale mtaroni maboga yalikuwa yanaota makubwa," akasema. "Hayajapandwa na mtu. Na sisi tuliyachuma, tukayala, na bado hatukujiuliza."

Nilijua anachotaka kabla hajakisema. Jumamosi tulikwenda Mofu na jembe, sepetu na ndoo mbili. Ghala la ushirika lilikuwa limeezuliwa mabati, popo wanakaa kwenye kenchi, na ndani watoto walikuwa wamechora magoli ya mpira ukutani. Mtaro ulikuwa umejaa nyasi. Mama alipafahamu mahali penyewe bila kusita. Alivua kitenge cha juu, akajifunga kiunoni, akaanza kuchimba.

Tulichimba hadi mchana. Udongo wa juu ulikuwa mweusi, chini yake wa kijivu, chini yake mchanga. Hatukuona chembe nyekundu hata moja. Kila aliposhuka zaidi mama alichukua kidonge cha udongo akakiweka ulimini, akafumba macho, akatema. Alikuwa anatafuta ile chumvi. Mara moja alisema, "Hapa, hapa kama ipo," akanipa na mimi nionje. Nikaonja. Ulikuwa udongo. Nilimwambia ndiyo, kama ipo kidogo, na hata sasa sioni ningemwambia nini kingine. Tulijaza ndoo zote mbili tukazipeleka shambani, akazimwaga kwenye kona moja, akasawazisha kwa kiganja.

Bwana shamba nilipomsimulia alishika kichwa. Alinieleza kwamba potashi huyeyuka kama chumvi kweli, na mvua za miaka yote ile zilishaichukua zamani, zikaipeleka mtoni, na mto ukaipeleka baharini. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. Nilimjibu kwamba yeye na methali zake wote wawili waende zao. Nilikuwa na hasira na kila mtu siku hiyo: na ushirika uliogawa bila kufundisha, na mgombea na barabara yake, na wale wanawake, mama akiwa mmoja wao. Zaidi nilikuwa na hasira na mifuko. Bado ipo. Ukipita Mofu msimu wa kuamia ndege utaiona imetandikwa kwenye madungu, vile vibanda vya shambani, watu wanalalia, maandishi yameshafifia lakini nailoni haijatoboka.

Yeye bwana shamba ndiye aliyetaja majivu. Alisema potashi nyingine iko jikoni, kwenye majivu ya kuni na hasa ya migomba na maganda ya ndizi. Alilisema kama mtu anayetoa pole, lakini mama alilishika kwa mikono miwili. Siku iliyofuata alianza kupita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu Mlabani na debe.

Hapo alikosea, na ni kosa ambalo mgeni asingelielewa. Kwetu majivu ya jiko hayapewi mtu. Unayazoa mwenyewe asubuhi, unayamwaga mwenyewe nyuma ya nyumba yako. Jiko ni tumbo la nyumba, na anayebeba majivu ya jiko lako amebeba kitu chako ambacho hujui atakwenda kukifanyia nini. Mama aliyajua hayo tangu utotoni. Alifikiri watu wanamfahamu vya kutosha, mwanamke wa kanisani, mwimba kwaya, mkunga wa nusu ya watoto wa pale. Alifikiri akieleza kuhusu mabua na mifupa wataelewa.

Hakuna aliyemkatalia. Watu wetu hawakatai. Walimkaribisha, wakampa kigoda, wakamuuliza habari za mgongo. "Majivu? Jamani mama, leo hatujawasha," mmoja alimwambia, na moshi unatoka jikoni nyuma yake. Mwingine alisema yalishamwagwa. Mwingine alimwambia arudi kesho, na kesho yake mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aliporudi nyumbani na debe tupu mimi niliwasema hao watu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mama alisema tu kwamba angekuwa yeye, naye asingetoa.

Muda si mrefu jumuiya yetu ya kanisani ikaanza kumruka. Sala ya jumuiya huzunguka, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo ile. Zamu ya mama ilipofika mwenyekiti alitangaza kwamba wiki hiyo watasali nyumba ya mbele, kwa sababu ya nafasi. Nyumba ya mama ilikuwa na nafasi ya kuchezea mpira. Aliomba rozari yake peke yake siku hiyo, kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaitikia kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuitikia.

Aliyempa majivu ni mpika pombe mmoja wa hapohapo mtaani. Yeye alitoka mbali, hakuwa na imani na jiko wala na mtu, na alichoma kuni nyingi kuliko kaya kumi. "Chukua, mama, unanipunguzia taka," alisema. Kila nilipofunga duka nilipita kwake, nikajaza mfuko, Jumapili nikaupandisha kwenye lori la Mofu. Mama aliyachekecha, akayahifadhi yasilowe, na msimu ulipofika akayachanganya kwenye udongo kwa jembe kabla ya kupandikiza. Majivu yote ya miezi ile yalitosha upande mmoja tu wa shamba, utepe mwembamba kando ya tuta la mpaka, upana wa chumba cha kulala.

Mwaka wa tatu mpunga ulilala.

Nilikuwepo. Nilikwenda na lori la asubuhi, nikamkuta mama amesimama kwenye tuta. Shamba lote lilikuwa chini, limepinda upande mmoja, maji yanang'aa katikati ya masuke. Isipokuwa ule utepe. Ule ulikuwa umesimama wima, mabua manene, masuke yameinama kwa uzito tu, jinsi yanavyotakiwa kuinama. Ulionekana kutoka barabarani.

Nilipiga kelele kwa furaha. Nilimkumbatia mama nikamwambia unaona, unaona, siyo mkosi, siyo laana, ni potashi! Yeye hakufurahi. Aliingia kwenye ule utepe, akashika bua moja, akalikunja kwa vidole viwili kama bwana shamba alivyofanya. Halikuvunjika. Akaliachia, likarudi likasimama. Ndipo akaanza kulia. Sikumwona akilia hata siku ya kumzika baba, lakini siku ile alilia amesimama ndani ya mpunga wake, na mimi nikawa bado natabasamu kama mjinga kabla sijaelewa.

Mtu asiyejua ugonjwa wake anaweza kutumaini. Sisi tulikuwa tumeujua sasa. Tulijua dawa, tulijua inavyofanya kazi, tuliiona kwa macho. Na tulijua kwamba haimo madukani, na kwamba iliyokuwemo tuliimwaga mtaroni, na kwamba hata tukikusanya majivu ya mpika pombe hadi tuzeeke hayatatosha robo ya shamba. Bwana shamba alipouona ule utepe aliupima kwa hatua zake. Alisema ataandika ripoti. Mwaka huo huo akahamishwa, na aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa mifugo.

Nilimpeleka tajiri wangu mashina mawili dukani, moja la utepe na moja la shamba. Aliyatazama kwa makini, akayapinda yote mawili, akakiri tofauti anaiona. "Sasa mimi nifanye nini?" akaniuliza, na safari hiyo hakuwa anatania. Nikayatupa nyuma ya duka, nikarudi kuuza urea.

Mjomba alikuja baada ya mavuno. Alikaa barazani, akavua kofia, akasalimia vizuri. Alizungukazunguka na habari za Mlimba, za mvua, za nguruwe pori. Kisha akasema, "Dada, nisamehe. Shamba lipumzishe. Unaliua, na lenyewe linakuua."

"Nikilipumzisha utaniachia?" mama akamuuliza.

Mjomba aliigeuza kofia mikononi. "Dada, ningekuwa mimi peke yangu ningekuachia leo. Lakini wewe unaujua ukoo."

"Naujua."

"Nikikwambia nitakuachia nitakuwa nimekudanganya."

Nilitaka kuingilia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya miaka mitatu. Mama akaninyanyulia kiganja bila kugeuka. Walikaa hivyo, dada na mdogo wake, kila mmoja anatazama chini, na nadhani hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwelewa mama wakati ule kama yeye. Kisha mama akasema sentensi ambayo sijaisamehe hadi leo, na wala sijui namdai nani huo msamaha. "Lipone likiwa la mtu mwingine, kuliko nilizike mimi."

Msimu uliofuata hakulima. Novemba wenzake walipofunga vyombo kwenda kwenye madungu yeye alibaki Mlabani, akawa anaamka alfajiri kwa mazoea, anatafuta jembe, anakumbuka, anakaa. Nilimtafutia kazi ya kuchambua mchele mashineni. Msimu wa pili nao ukapita. Ukoo haukuitisha hata kikao. Mjomba alilichukua kimya, na kwa heshima, kwa sababu alikuwa na mengine ya kumlisha, akaliacha matete yakaota misimu mingine miwili. Akalitifua baada ya hapo.

Mwaka wa kwanza alipolilima alituita kuvuna. Ni desturi: mwenye shamba anapika togwa, ndugu na majirani wanakuja na visu, wanavuna pamoja. Nilimwambia mama asiende. Akasema asipokwenda watu watadhani ana kinyongo. Tukaenda.

Mpunga ulikuwa umesimama. Shamba zima, kutoka tuta hadi tuta, ulisimama sawasawa kama ule utepe wetu, na sikuweza tena kuona utepe wetu ulikuwa wapi. Mama aliingia na kisu chake, akakata kwa haraka ya zamani, mgongo umenyooka, hana haja ya kuinama. Aliwapita vijana. Mara mojamoja alilisimamisha suke kiganjani, akalipima uzito, akaendelea. Mjomba alikuwa upande wa pili na hakusogea karibu yetu.

Jua lilipokuwa kali mke wa mjomba aliita watu kivulini, akashusha ndoo ya togwa, akaanza kugawa. Kwetu wenye shamba hunywa mwisho, wageni huanza. Mama, sijui kwa uchovu au kwa mazoea, alikaa upande wa wenyeji, nyuma ya ndoo, alipokuwa akikaa siku zote tangu bibi. Mke wa mjomba, bakuli la kugawia mkononi, alimwona hapo. Hakukusudia ubaya, alitabasamu kabisa.

"Wifi, sogea huku mbele," akasema. "Wageni wanaanza."

Mama akanyanyuka, akajikung'uta makapi kwenye kitenge, akavuka akaja kukaa na sisi. Akapokea bakuli kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa.